Sura ya 7: Mizani Kabla ya Msumeno

Usiku wa kwanza kuitoa darubini uani kwetu Tanga, mtu wa kwanza kuchungulia hakuona kitu. Alikuwa mama jirani, mtu mzima, ambaye kwa miezi mingi alinisikia nikisugua kioo barazani na hakuwahi kulalamika. Nilikwisha mtafutia Mshtarii, nikamweka katikati kabisa, miezi yake minne imejipanga kama shanga kwenye uzi. Nikaachia mkono, nikampisha. Akainama, akaziba jicho moja kwa kiganja, akatulia.

"Mbona giza tupu, mwanangu?"

Nikatazama. Mdomo wa darubini ulikuwa umeshuka. Haukuanguka kwa kishindo, uliinama polepole kama mtu anayesinzia kitini. Nikalenga tena, nikampisha tena, ukainama tena. Mara ya tatu nilimwomba aangalie huku mimi nimelishikilia bomba kwa mikono miwili, na kila pumzi yangu ikawa inamtikisia sayari. Akaniambia ameona kitu cheupe kinachochezacheza, akashukuru, akaenda kulala. Nikabaki uani na kioo kizuri juu ya kiti kibaya.

Kiti ndilo jina ninalolitumia katika kitabu hiki kwa kila kinacholibeba bomba na kuligeuza. Katika sura zilizotangulia tulikaa sana na kioo, na kioo kinastahili. Lakini fikiria kazi tunayompa mwenye kutazama. Kioo cha sentimita 20 kikikuza mara 120 humwonyesha kipande cha anga ambacho upana wake haufiki hata ule wa Mwezi mpevu. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyota iliyo karibu na ikweta ya anga hukatiza kipande hicho kwa dakika moja na nusu hivi, kisha imetoka. Kila baada ya muda mfupi kidole lazima kilisogeze bomba kiasi cha unywele, na bomba libaki hapohapo lilipoachwa. Likiendelea kwenda, umeipoteza nyota. Likirudi nyuma, umeipoteza pia. Likigoma kisha likaruka, ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu hujui limerukia wapi.

Asubuhi yake nililibeba bomba hadi kwa seremala wa mtaani, mzee ambaye milango na vitanda vingi vya mtaa wetu vimepita mikononi mwake. Nikamweleza yaliyotokea. Hakugusa rula. Alimtuma mjukuu wake alete mchi wa kinu, akaulaza juu ya meza ya kazi, akalilaza bomba juu yake kwa kulikingamisha, akawa anaviringisha kidogo mbele, kidogo nyuma. Lilipotulia bila kuinama huku wala huku, akachora mstari wa penseli pale mchi ulipogusa.

"Hapa ndipo linapokaa lenyewe," akasema. "Tundu zako ziko wapi, mwalimu?"

Tundu zangu, zile za mhimili wa kupanda na kushuka, zilikuwa nyuma ya mstari wake kwa senti mbili kasoro kidogo.

"Ulilipima likiwa na vitu vyake vyote?"

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimelipima bila lenzi ya jicho, kwa sababu lenzi nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa kabatini isiingie vumbi. Gramu 300. Kwa gramu 300 mama wa watu alirudi nyumbani bila kumwona Mshtarii.

Nataka tuifanye hesabu hiyo pamoja, kwa sababu ni hesabu ya darasa la wenzo na egemeo, na baada ya kuifanya mara moja hutatoboa tena kwa kukisia. Bomba langu lina urefu wa sentimita 120. Pima kila kitu kuanzia ncha ya chini, ile yenye kioo. Kioo pamoja na kitako chake ni kilo 4, na kitovu chake kiko senti 5 kutoka chini: 4 mara 5 ni 20. Bomba tupu ni kilo 5, na kwa kuwa ni sawa urefu wote, kitovu chake kiko katikati, senti 60: hiyo ni 300. Juu, karibu na mdomo, kuna kioo kidogo cha mshazari, kishikio cha lenzi, lenzi ya jicho yenyewe na darubini ndogo ya kulengea. Vyote pamoja ni kilo 1.8, na kwa wastani viko senti 108 kutoka chini: 194.4. Jumla ya uzito ni kilo 10.8. Jumla ya mazao ni 514.4. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata senti 47.6. Huo ndio mstari wa yule mzee, ambao yeye aliupata kwa mchi wa kinu katika muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Sasa toa ile lenzi ya gramu 300. Mazao yanabaki 482, uzito kilo 10.5, na kitovu kinarudi hadi senti 45.9. Ndipo nilipotoboa. Rudisha lenzi, na kitovu cha uzito kinakuwa mbele ya mhimili kwa senti 1.7, kikivuta mdomo chini usiku kucha.

Anayebeba ndoo kichwani juu ya ngata hahitaji hesabu hii. Shingo yake inatafuta kitovu kila hatua na kukipata. Darubini haina shingo, kwa hiyo kitovu lazima kitafutwe kabla ya msumeno kugusa ubao, na kitafutwe bomba likiwa limevaa kila kitakachokuwa juu yake usiku wa kazi: lenzi, vifuniko vilivyobanwa, hata kile kitambaa cha kuzuia umande ikiwa una desturi ya kulifunga. Kitovu cha uzito ndicho kipimo cha kwanza cha kiti. Urefu wa sanduku unatokana nacho, na kimo cha jicho pia, na mahali pa mgongo wako usiku huo. Wengi tunaanza na sanduku zuri halafu tunahangaika kulisawazisha bomba ndani yake. Huo ni mwanzo wa kinyume, na nausema kwa uchungu wa ubao mzuri nilioupoteza.

Wakubwa wa kazi hii wamelijua hilo siku zote. Darubini ya Hale kwenye mlima Palomar, California, iliyozinduliwa mwaka 1948, ina kioo cha mita 5, na sehemu zake zinazogeuka zina uzito wa tani 530 hivi. Imesawazishwa vizuri na kuelea juu ya utando mwembamba wa mafuta kiasi kwamba mota ya sehemu ya 12 ya nguvu ya farasi mmoja inatosha kuifuatisha nyota. Mmoja wa waliochora michoro yake alikuwa Russell Porter, mtu aliyeanzia palepale tulipo sisi: katika mji wa viwanda wa Springfield, Vermont, miaka ya 1920, aliwafundisha mafundi wa mashine kusugua vioo vyao wenyewe na kuvijengea viti. Wajenzi wa darubini hukusanyika katika kilima chao, Stellafane, tangu 1926. Hunipa moyo kujua kwamba aliyewafundisha watu kutengeneza darubini za nyumbani ndiye aliyeitwa kusaidia kubuni kubwa kuliko zote za wakati wake. Chuma kilibadilika, mizani haikubadilika.

Lakini kiti tunachokijenga hapa hakitoki kwa Porter. Kinatoka kwa John Dobson. Alizaliwa Beijing mwaka 1915, akasomea kemia Berkeley, na mwaka 1944 akaingia utawani katika nyumba ya watawa wa Vedanta huko San Francisco. Mtawa hana mshahara. Kioo chake cha kwanza, cha inchi 12, alikisugua mwaka 1956 kutoka kwenye kioo kinene cha dirisha la meli. Mabomba aliyatengeneza kwa karatasi ngumu zilizoviringishwa, viti kwa plaiwudi, na usiku aliyaburuta hadi mitaani ili majirani waone. Mwaka 1967 aliondolewa utawani, mwaka uliofuata yeye na vijana wachache wakaanzisha kikundi cha kutoa darubini njiani, na mpaka alipofariki mwaka 2014 hakuacha kumwita kila mpita njia aje atazame. Hakujitafutia hataza wala pesa kwa ubunifu wake. Alisema kiti hiki si kipya, kwani mizinga ya vita ilikaa hivyohivyo kwa karne nyingi.

Ni kweli, na aliyewahi kuitazama mizinga ya zamani pale Fort Jesus, Mombasa, anaweza kujionea. Kila mzinga una masikio mawili mafupi ya chuma yaliyotokeza ubavuni, na hayo ndiyo yaliyolala kwenye kigari chake. Waliosubu mizinga waliyaweka masikio mbele kidogo ya kitovu cha uzito kwa makusudi, ili sehemu ya nyuma iwe nzito na itulie juu ya kabari. Sisi hatuna kabari. Masikio yetu lazima yapite katika kitovu chenyewe.

Kiti cha Dobson basi ni hiki. Bomba lina masikio mawili ya duara ubavuni. Masikio yanalala katika mikato miwili ya sanduku lisilo na kifuniko, na hapo bomba linapanda na kushuka. Sanduku nalo linakaa juu ya ubao wa chini wenye miguu mitatu, limeshikwa katikati kwa boliti moja, na hapo linazunguka. Hakuna gia, hakuna beringi za chuma, hakuna cha kukaza wala kulegeza. Kinacholizuia bomba lisianguke ni msuguano peke yake, na hapa ndipo akili yote ya kiti hiki ilipo.

Masikio yanapolala, hayagusi mbao. Yanagusa vipande vidogo vya tefloni, viwili kila upande, vilivyoachana nyuzi 60 au 70. Ukingo wa masikio umevikwa fomika yenye ngozi ya mikwaruzo midogo, si ile laini ya kung'aa. Mchanganyiko huu una tabia adimu: nguvu inayohitajika kuanza kusogea karibu ni sawa na nguvu inayohitajika kuendelea kusogea. Mbao juu ya mbao hugoma, kisha huachia ghafla, na nyota inaruka. Beringi za mipira ya chuma, ambazo mafundi wengi hukimbilia kwa sababu ni ghali na hung'aa, hazigomi hata kidogo, na hilo ndilo kosa lake. Bomba lililokaa juu ya beringi laini huenda popote pale upepo unapotaka. Tunataka msuguano, ila tunataka ulio mpole na wa namna moja. Usiupake mafuta wala nta mpaka umeujaribu mkavu.

Msuguano huo unaweza kupimwa. Tukikadiria kwamba tefloni juu ya fomika hushika kwa sehemu ya 10 ya uzito, bomba la kilo 10.8 kwenye masikio yenye nusu kipenyo cha senti 8 linazuiliwa kwa takriban kilo-senti 10.5, tukihesabu na mlalo wa vile vipande. Kosa langu la gramu 300, bomba likiwa mlalo, lilikuwa linavuta kwa kilo-senti 18. Bomba likiinuliwa, mvuto wa kosa hilo hupungua. Kwa hiyo karibu na utosi wa anga darubini yangu ilitulia, na chini kuelekea Mshtarii ikasinzia. Nilipoyafahamu hayo niliona aibu ya kulaumu skrubu.

Hebu sasa tuseme umepata lenzi nyingine, nzito, ya gramu 650. Zile 350 za ziada ziko senti 60.4 mbele ya mhimili, zinavuta kwa kilo-senti 21. Masikio ya senti 8 yanashindwa. Lakini kata masikio ya nusu kipenyo cha senti 20, kwa uzito uleule na tefloni ileile, na uzuizi unapanda hadi kilo-senti 26. Bomba linatulia. Na kidole chako, kikisukuma mdomoni, senti 70 hivi kutoka mhimilini, hakihitaji hata nusu kilo kulisogeza. Ndiyo sababu nakushauri ukate masikio makubwa kuliko unavyoona yanapendeza. Sahani za plaiwudi za upana wa sentimita 40 ubavuni mwa bomba huonekana kama magurudumu ya mkokoteni, na kila anayepita huuliza ni za nini. Ni subira ya darubini, ile inayokuruhusu kubadilisha lenzi gizani bila kuanza upya.

Kwa tofauti inayozidi hapo, tumia chubwi. Wavuvi wa Tanga wanauza risasi za mishipi za kila uzito, na chubwi la nusu kilo likifungwa karibu na kioo, senti 42 nyuma ya mhimili, linalipa lile deni la gramu 350 karibu lote. Nimefunga ndoano ndogo hapo chini, na chubwi langu lina kitanzi. Lenzi nzito ikiingia, chubwi linaning'inizwa. Ikitoka, linarudi mfukoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ramani za viti kutoka nje hazikuandikii, kwa kuwa waliozichora hawakuwa chini ya anga letu.

Huko San Francisco, kwenye latitudo ya karibu nyuzi 38 kaskazini, nebula ya Orioni, katika kundi ambalo wengine kwetu huliita Jabari, haipandi juu sana. Kilele chake ni nyuzi 47 hivi, upande wa kusini. Ikiwa karibu na kilele hicho, kwa saa nzima inapanda au kushuka nyuzi mbili tu, ilhali inakwenda upande kwa takriban nyuzi 22. Mtazamaji wa huko katika saa zake bora anasukuma bomba kulia, kulia, kulia. Mhimili unaofanya kazi ni ule wa kuzunguka, na huo ukishikwa na boliti katikati hausumbuliwi sana na mizani.

Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Nebula ya Orioni nayo iko nyuzi 5 na kidogo kusini mwa ikweta ya anga. Yaani inapita utosini kwetu, juu ya utosi kabisa, kasoro ya chini ya nusu nyuzi. Inachomoza mashariki na kupanda wima kama anayekwea mnazi. Kuanzia upeo wa macho hadi nyuzi 60 juu, safari ya saa nne, inasogea upande kwa nyuzi 3 na kidogo tu. Muda wote huo sanduku limesimama karibu palepale, na kazi yote inafanywa na mhimili wa kupanda na kushuka: ule ule unaotegemea kitovu cha uzito. Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, hadithi ni hiyo. Mwezi na sayari hupita huku juu pia. Kosa la mizani ambalo Mmarekani angeweza kulivumilia msimu mzima, sisi linatushika usiku wa kwanza. Ndiyo maana nalitilia mkazo kiasi hiki.

Utauliza, kwa nini basi tusijenge kiti cha namna nyingine, kile chenye mhimili uliolazwa sambamba na mhimili wa dunia, ambacho hufuata nyota kwa mwendo mmoja tu? Ni kiti kitukufu. Fraunhofer alikitengenezea darubini ya Dorpat, mji ambao sasa ni Tartu, Estonia, mwaka 1824, kikiwa na uzani wake wa kusawazisha upande wa pili na mashine ya saa ya kukiendesha. Ila mhimili huo lazima uinuke kutoka ardhini kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali. Ujerumani unasimama kama mlingoti ulioegemezwa. Tanga unainuka nyuzi 5, Nairobi nyuzi 1 na kidogo: umelala kama mshikaki juu ya jiko. Viti vingi vya dukani haviwezi kushushwa kiasi hicho, na vikishushwa, fimbo ya uzani hugonga miguu. Anayetaka kukijenga mwenyewe hapa afikirie nguzo mbili za kimo karibu sawa na mhimili mlalo kati yake, na ajiandae kwa mizani kali zaidi, maana mzigo mzima unazunguka kwenye mhimili huo mlalo na hakuna upande unaosamehe. Kwa kiti cha kwanza, plaiwudi na tefloni.

Kwa kuwa tunatazama juu sana, kuna kosa la pili la mizani ambalo kwetu haliwezi kujificha. Nilirekebisha tundu kwa mstari wa mzee, nikalilaza bomba, likatulia vizuri kabisa. Nikaliinua taratibu. Nyuzi 30, limetulia. 60, limetulia, ingawa kidole kilihisi jambo. Nilipofika karibu na utosi, likaendelea lenyewe, likapita wima, likaegemea nyuma.

Chanzo kilikuwa darubini ndogo ya kulengea. Ina gramu 600 na imekaa mgongoni mwa bomba, senti 18 kutoka katikati. Bomba likiwa mlalo, uzito huo uko juu ya mhimili sawasawa, hauvuti mbele wala nyuma, na mchi wa kinu hauwezi kuuona. Bomba likisimama, kilichokuwa juu kimekuwa nyuma, na kilo 0.6 mara senti 18 ni kilo-senti 10.8, zote zikivuta upande mmoja. Watu wengi hapo huongeza uzito mkiani, na wanaharibu mizani ya mlalo waliyokuwa nayo. Dawa ni kuusogeza mhimili. Gawanya 10.8 kwa uzito wote wa kilo 10.8, unapata senti 1 kamili: kitovu cha kweli hakiko katikati ya bomba, kiko senti moja kuelekea mgongoni. Pandisha masikio senti moja. Nilipomweleza mzee, alichora mstari wa pili uliokata wa kwanza, akagonga penseli kwenye njiapanda yake, akasema, "Basi toboa hapa, na usitoboe tena."

Kwa hiyo majaribio ya kiti ni mawili, na usiridhike na moja. Lilaze bomba, achia. Lisimamishe mpaka karibu na wima, achia. Likitulia mahali pote pawili, litatulia kati yake pia.

Kuhusu sanduku nitasema kwa kifupi, isipokuwa kona moja. Tumia plaiwudi ya milimita 18 inayostahimili maji, kwa sababu hewa ya pwani hufungua tabaka za ile ya kawaida kama kurasa za kitabu kilicholowa. Gundi na skrubu, pembe zote za mraba, ubao wa mbele upande juu kadiri uwezavyo maana ndio unaozuia sanduku kuyumba. Vipande vitatu vya tefloni vya chini vikae juu ya miguu mitatu, kila kimoja juu ya mguu wake, ili uzito ushuke moja kwa moja ardhini na ubao usipinde. Vikate vidogo: kilo moja hivi kwa kila sentimita ya mraba. Vikiwa vipana mno vinateleza kwa kunata.

Kona ni hii. Kutoka mhimili hadi chini ya bomba ni senti 47.6, nami mwanzoni, kabla ya jaribio la wima, nilimpa fundi kimo cha senti 48 na nusu, nikiona nimeacha nafasi ya kutosha. Bomba likiwa wima linaingia vizuri. Likiwa mlalo halina shida. Lakini bomba si fimbo. Lina unene wa senti 24, na kona yake ya chini iko mbali na mhimili kuliko kitako chake. Zidisha 47.6 kwa yenyewe, 12 kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo: senti 49.1. Bomba lilipanda hadi nyuzi 67 likagonga sakafu ya sanduku. Mahali pengine duniani mtu anaweza kuishi na darubini inayokomea 67. Kwetu ni kufungiwa mlango wa chumba bora cha nyumba. Nikafungua skrubu zote, nikainua mbao za ubavu hadi senti 51. Lenzi ya jicho, bomba likiwa wima, ikawa senti 120 kutoka ardhini: mtu mzima anakaa kwenye kigoda kirefu, mtoto wa miaka saba anasimama.

Desemba iliyofuata nilimwita tena mama jirani. Saa mbili usiku nebula ilikuwa mashariki, nyuzi 25 juu, juu ya mnazi wa nyumba ya pili. Nilichora alama ya penseli kwenye ubao wa chini, pembeni mwa sanduku, nikampa kigoda. Alikaa, akaziba jicho kwa kiganja kama mwaka ule. Nikarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni.

Alikaa kimya muda mrefu. Picha ilipoanza kutoroka nilimwonyesha pa kugusa, akaisukuma mwenyewe kwa kidole cha shahada, ikarudi, ikabaki.

"Kuna moshi," akasema. "Na ndani ya moshi nyota nne zimebanana."

Saa nne niliwasha tochi nyekundu nikatazama ile alama. Bomba lilikuwa limepanda hadi nyuzi 55; sanduku lilikuwa halijasogea hata nusu senti. Wajukuu wake walikuwa wameamka na kupanga foleni. Kila mmoja alisukuma, kila mmoja aliachia, na kila aliyefuata aliikuta nebula mahali alipoiacha mwenzake.

Karibu na saa sita tukafika kwenye shimo la Dobson, ile duara ndogo utosini ambako kiti hiki hakina pa kushika: bomba limesimama wima, na ukisukuma upande, sanduku linazunguka bila lenzi kwenda popote. Nebula iliingia humo. Mama akauliza imekwenda wapi, nikamwonyesha kwa kidole, juu ya vichwa vyetu moja kwa moja. Tukakaa kwenye mkeka tukainua nyuso. Baada ya dakika kama 40 nilisimama, nikaligeuza sanduku nusu duara kuelekea magharibi, nikalishusha bomba kidogo, nikaitafuta. Ilikuwepo. Nikaachia mkono, nikampisha.